Hoteli ya harusi kisiwani: tulivyoipata ya mdogo wetu

Mdogo wangu wa mwisho anaolewa Septemba, inshallah, na kazi ya kutafuta hoteli nimepewa mimi. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Ngamiani, Tanga. Kumbi za mji huu nazijua moja moja, najua taa ipi inamfifisha bi harusi na zulia lipi linanasa visigino. Safari hii shughuli haiko mjini. Watu wa bwana harusi wametawanyika, wengine Muscat, wengine Uingereza, wachache Mombasa, na wao ndio walioomba iwe kisiwani, kwenye hoteli nzuri, ili ndugu ambao hawajaonana miaka wakae pamoja siku mbili tatu bila mtu kukimbilia basi. Baba akakubali kwa sharti moja: bibi awepo. Bibi yetu ameshapita themanini, magoti yamechoka, na hajakosa harusi ya mjukuu hata moja.

Sharti hilo lilinipa njia ya kuchagulia. Kila hoteli niliipima kwa bibi kwanza: atashukia wapi, kutoka garini hadi chumbani kuna ngazi ngapi, choo kiko umbali gani na pale atakapokaa, na ufukweni atafikaje. Mkiwa na wazee kwenye msafara wenu, nawasihi mfanye hivyo kabla hamjaanza kupenda picha. Picha za hoteli za kifahari zinafanana mno: bwawa linalomwagikia baharini, bembea majini, maua yametandazwa kitandani. Sikuona hata moja inayoonyesha njia ya kutoka mapokezi hadi mchangani, na njia hiyo ndiyo atakayopita bi harusi na gauni lake la mkia, na ndiyo atakayopita bibi na mkongojo wake.

Moyo wangu ulianzia Pemba, maana ndiyo tunayotazamana nayo. Fundu Lagoon iko Wambaa na gari halifiki. Unapanda boti kutoka Mkoani, na vyumba vyake ni mahema yaliyoezekwa makuti. Manta iko ncha ya kaskazini kabisa, kule Kigomasha, unapita msitu wa Ngezi kwanza, na tangu 2013 wana chumba kinachoelea baharini ambacho kitanda chake kiko chini ya maji, samaki wanapita dirishani. Ni sehemu za kupendeza kweli. Lakini ni za watu wachache wanaotaka kimya, vyumba vyake si vingi, na mambo ya kupanda na kushuka botini kwa bibi sikuyataka. Kwa fungate ni jambo jingine kabisa. Nimewaambia maharusi wakitoka Unguja wavuke Pemba, huko ndiko watakakolala bila kugongewa mlango na shangazi.

Kuna walioniuliza kwa nini tusibaki nyumbani, tukafanye Ushongo, ufukwe ulio kusini mwa Pangani, halafu wageni wapelekwe kisiwa cha Maziwe kilicho mbele yake. Ushongo naipenda, nimeshapamba pale. Maziwe lakini si mahali pa kuweka viti. Wazee wa Pangani waliiona ikiwa na mivinje na kasa wakija kutaga. Leo ni fungu la mchanga mtupu, na maji yakijaa sana huweza kulifunika. Pelekeni wageni asubuhi wakaogelee kwenye matumbawe, wapige picha, warudi kabla maji hayajajaa.

Tukabaki na Unguja, na hapo ndipo nilipomfuata mjomba.

Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo, sasa amepumzika, anakaa Chumbageni. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya hoteli moja ya mashariki, bahari ya kijani imefika hadi kwenye minazi, meza zimepangwa mchangani. Akaitazama, akaniuliza, "Hii imepigwa mwezi ngapi?" Nikamwambia haikuandikwa. "Basi haijakwambia kitu, mwanangu."

Akanieleza taratibu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa tofauti hukaribia mita nne. Katika pwani yetu bamvua hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa saba au ishirini na mbili ni maji mafu, na mambo hugeuka: maji hujaa kwa unyonge mnamo saa nne, na alasiri, saa ambayo harusi zote za ufukweni hufanyika, yamepwa. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukijua mwezi wa Kiislamu uko tarehe ngapi, unajua bahari itakuwa wapi saa ya shughuli yako. Mvuvi yeyote wa Deep Sea, mwalo wetu wa samaki hapa Tanga, analijua hilo tangu utoto, ila wanaouza harusi hawakutajii mpaka uulize.

Na kwa Unguja jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Pwani ya mashariki yote, Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani, ina mwamba uliojitenga mbali baharini, na katikati ni maji ya kina kifupi. Yakipwa ya bamvua, unaweza kutembea muda mrefu hujafika magotini. Mimi mandhari hiyo naiona nzuri, wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, kazi iliyoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980 na imesomesha watoto wengi. Lakini kama umeahidiwa bahari ya buluu mgongoni mwa bi harusi na saa yako imeangukia maji yaliyopwa, utapata tope, majani ya bahari na boti zimelala ubavu. Kaskazini-magharibi, Kendwa na upande wa Nungwi, bahari ina kina karibu na ufuko; maji yanashuka lakini hayakimbii. Halafu Kendwa imegeukia magharibi, jua linazama baharini. Mashariki jua linazama nyuma ya hoteli.

Tukakaa na kalenda, mimi, mama na mjomba. Jumamosi ya 26 Septemba 2026 mwezi ni mpevu, kumi na nne au kumi na tano ya Mfungo Saba kutegemea mwandamo. Maji yatajaa mnamo saa kumi, watu wakitoka kuswali alasiri, na jua litatua kama saa kumi na mbili na robo. Kati ya hapo maji yanarudi nyuma polepole na kuacha mchanga uliosawazika, haujakanyagwa na mtu. Mpiga picha hawezi kuomba zaidi. Mjomba akaongeza tahadhari moja: bamvua za Septemba na Machi ndizo kubwa za mwaka, ufuko mwembamba utamezwa wote. Kwa hiyo nilipokwenda kuziangalia hoteli kwa macho sikutazama mchanga wenyewe, nilitafuta mstari. Bahari inapofika mwisho wake huacha mwani mkavu, vijiti, vifuu, mifupa ya ngisi. Asubuhi na mapema, kabla wafagiaji hawajapita na reki, mstari huo unauona wazi. Kwenye hoteli moja ulikuwa umefika ngazi ya kwanza ya mkahawa, na dada wa hoteli anayesimamia harusi alikuwa ananionyesha mahali pa kupanga viti hatua nyingi chini yake. Nilimshukuru nikaondoka.

Upepo nao. Watu wanaulizia mvua tu, na ni kweli masika ya Machi hadi Mei haifai, hoteli nyingine hata zinafunga, na vuli inaanza kunyemelea Oktoba mwishoni. Lakini kinachoharibu mapambo kuliko mvua ni kusi. Julai na Agosti inapiga pwani ya mashariki moja kwa moja, ndiyo maana wazungu wa kuteleza majini na tiara hujazana Paje. Mimi nimeshuhudia shela ya mita tatu ikisimama wima kichwani kwa bi harusi, pini zote zimeng'oka, na mtoto wa watu macho yamejaa mchanga juu ya wanja. Septemba mwishoni kusi imelegea, na Kendwa kisiwa chenyewe kinaikinga. Hata hivyo nimeamua shela fupi ya kitambaa kizito kidogo, na upinde wa maua utafungwa kwenye vyuma vilivyozikwa mchangani, si vilivyosimamishwa juu yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonitesa kuliko yote, na ambalo sijaona mtu akiliandika. Ijumaa usiku ni usiku wa wanawake. Bi harusi anatolewa, wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, magauni ya mishono, hina imepanda hadi viwiko. Hakuna mwanamume anayeingia. Hapa Tanga hilo halina mjadala: ukumbi una kuta, mlango unafungwa, mlangoni amekaa mama mmoja mkali. Hoteli za kifahari za kisiwani zimejengwa wazi. Paa la makuti, nguzo za boriti, pembeni ni upepo wa bahari. Uzuri wake wote ni huo, na kwetu ndio ugumu wake.

Hoteli moja iliniahidi mapazia. Nikawaomba watundike pazia moja palepale nione. Upepo wa jioni ukaliinua hadi darini, na nje walikuwa wamekaa wageni wao wanakunywa. Nyingine walisema wahudumu wanawake wapo wa kutosha, nikauliza na wa kupiga muziki? Na fundi wa taa? Na kamera za ulinzi za ukumbini, anayeziangalia ni nani? Wakatazamana. Sikuuliza kwa ubishi. Mama zetu wa Tanga wakiona kijana amesimama na sinia mlangoni watajifunika wote, watakaa kimya, na usiku umekwisha kabla haujaanza. Mji huu ndio uliotoa Black Star na Lucky Star, taarab iko damuni. Ukimweka mama wa Tanga ukumbini asiweze kusimama akatunza, umemfunga.

Hoteli tuliyoichukua ina ukumbi wa mikutano, wa kuta, wenye kiyoyozi, ambao katika picha zao wala hawauonyeshi kwa sababu hauna mandhari ya bahari. Upande mmoja ni kioo kitupu kinachotazama bustani. Nikapima kioo kile kwa futi yangu. Kitambaa cha satini nilichonacho dukani kinakizima chote, na juu yake nitashusha mashada ya taa ndogo. Dada msimamizi, Mzanzibari, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliandika majina ya wahudumu wanawake wa zamu ile, akasema kamera za ukumbini zitafunikwa na yeye mwenyewe atakaa mlangoni. Hapo hapo nilimpigia baba.

Jina la hoteli nitaliweka baada ya shughuli, mdogo wangu ameniomba hivyo, watu wasije wakaanza kupiga simu mapokezi kuulizia bei za vyumba vyetu. Iko Kendwa. Njia yake ya kushuka ufukweni ni mteremko wa saruji usio na ngazi, na mchangani watamtandikia bibi mbao hadi kwenye kiti chake.

Chakula kilitaka subira. Siku ya kuonja mama alikuja. Wakaleta pilau kwenye sahani kubwa nyeupe, kilima kidogo cha wali katikati na jani la nanaa juu. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza kwa upole kama anaweza kumwona aliyepika. Kitunguu hakikukaangwa kikaiva. Kilikuwa kimelainishwa tu, ndiyo maana wali ulikuwa mweupe na harufu yote ni ya karafuu. Mpishi mkuu, kijana mwenye adabu sana, akamkaribisha jikoni. Mama akasimama kwenye jiko lile la chuma, akakata vitunguu vyembamba, akavikaanga bila kuviharakisha mpaka vikawa rangi ya tende, akaweka kitunguu saumu na tangawizi, bizari nzima, nyama na supu yake, viazi vikubwa visivyokatwa vidogo. Kijana aliandika kila kitu. Kilichotoka sufuriani kilikuwa pilau la Tanga. Nilipouliza kuhusu nguruwe, maana wageni wao wengine wanakula, alinionyesha jokofu na vyombo vyake vilivyotengwa chumba kingine. Ulizeni hilo waziwazi, hakuna anayekasirika.

Kwenye pesa nisirefushe. Bei ya kwanza mtakayopewa ni ya mgeni wa nje. Ombeni bei ya mkazi wa Afrika Mashariki kwa kila mwenye kitambulisho, na muiombe kwa shilingi. Bei ya "kila kitu ndani" ina pombe ndani yake. Sisi hatunywi, kwa hiyo tulibadilisha tukachukua chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni, na juu yake madafu, ukwaju na juisi ya miwa, na hesabu ikashuka vizuri. Someni pia mistari ya mwisho ya mkataba. Kuna hoteli ilitaka ada kwa kila fundi anayetoka nje: mpambaji, mpiga picha, msusi. Maana yake nilipie ruhusa ya kumpamba mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Niliumia, na mpaka leo naona si haki. Hoteli inauza chumba na chakula, mikono ya dada wa bi harusi haihusiki na bei yake.

Nikaha itafungwa hapa hapa Tanga, Alhamisi baada ya alasiri, msikiti wa mtaani kwetu. Kuna waliodhani tunaogopa makaratasi. Kweli makaratasi yapo: Sheria ya Ndoa ya 1971, ile inayotaka tangazo la nia siku 21 kabla, ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake na makadhi wake, kwa hiyo anayetaka kufungia kule aulize mapema na asitegemee maneno ya hoteli. Lakini sababu yetu ni majirani. Mama anayeuza vitumbua kona ya kwetu alimlea mdogo wangu kila mama alipokuwa kazini. Hawezi kuacha biashara avuke bahari, na haiwezekani binti huyu aolewe yeye asiwepo. Pilau la mtaa litapikwa Alhamisi, masufuria ya kuazima, turubai limefungwa barabarani, na anayetaka kuja aje. Tukishamaliza wajibu huo ndipo tunakwenda kisiwani na roho nyeupe, na idadi ya wageni inakuwa ile ambayo hoteli inaimudu.

Kuhusu safari: wanaopanda ndege ndogo kutoka Tanga, mzigo ni kilo 15, na mabegi ya kitambaa, si sanduku gumu. Vitenge vya sare, viatu, zawadi na kila kizito vitatangulia kwa gari hadi Dar es Salaam na kuvuka kwa boti. Vijana wameshakubali kazi hiyo. Gauni la bi harusi halitangulii wala halifuati nyuma, linapanda na mimi. Asumini tutanunua Unguja, nimeshaongea na mama mmoja anayeuza Darajani. Atachuma vitumba Ijumaa jioni kabla havijafunguka, avifunge kwenye majani ya mgomba, na vikuba tutavisuka hotelini na rehani na mlangilangi. Kutoka uwanja wa ndege hadi Kendwa ni zaidi ya saa nzima kwa gari, kwa hiyo bibi atapata gari la mbele peke yake na binti mmoja wa kumwangalia.

Ndugu wa Muscat na Uingereza mnaosoma hapa: wenye pasi za nje mnatakiwa kuwa na bima ya kuingilia Zanzibar, ilianza 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, inalipwa mtandaoni kabla ya safari. Amana ya vyumba tumeshalipa. Orodha ya majina hoteli inaifunga mwisho wa Julai, kwa hiyo nitumieni majina kama yalivyo kwenye pasi, mkiandika na nani analala na nani, nani haendi ngazi, na nani ana sukari ili mpishi ajue. Shangazi wa Mombasa, chumba chako ni cha chini, karibu na ukumbi, kama ulivyotaka.